Kioo, kivuli au bustani za angani: mnara wa matumizi mchanganyiko kwenye joto uvae nini?

Weka kiganja kwenye kioo cha upande wa magharibi wa mnara, kwa ndani, saa kumi alasiri. Kama kioo kile ni cha kawaida, utauondoa mkono upesi kama uliyeshika kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi. Mfanyakazi wa ofisi ile keshashusha pazia tangu saa nane, taa zinawaka mchana kweupe, na mandhari iliyopandisha kodi ya ofisi haionekani tena. Ghorofa kumi na tano juu yake, kwenye jengo hilohilo, kuna chumba cha mtoto kinachopigwa na jua lilelile. Yule wa ofisi ataondoka saa kumi na moja. Mtoto ndiye atakayelala humo.

Huo ndio ugumu wa mnara wenye maduka chini, ofisi katikati, na nyumba au hoteli juu: kila tabaka linataka ubaridi kwa wakati wake. Mara nyingi mwenye kiwanja na msanifu wake hukwama kwenye njia tatu: mnara wa kioo uliofungwa kabisa, mnara uliovikwa kivuli, au mnara uliotobolewa matundu ya upepo na bustani. Nimezilinganisha kwa vigezo vilevile, nikianza na vigezo vyenyewe, maana wengi huanza na picha.

Vigezo

Cha kwanza ni jua. Nyumba fupi hupigwa zaidi paani, lakini mnara una paa dogo na kuta ndefu, kwa hiyo kazi yote iko kutani. Karibu na Ikweta jua la adhuhuri liko utosini na haliusumbui sana ukuta. Linaloumiza ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia chinichini kutoka mashariki na magharibi, na kibaraza kilichowekwa juu ya dirisha hakilizuii. Ukisogea mbali na Ikweta, ukuta unaoitazama Ikweta nao hupata jua, ila hilo hutoka juu na kukingwa ni rahisi. Kabla ya kuchagua uso wowote, basi, uliza mnara utaelekeza mabega yake membamba wapi. Jibu likiwa mashariki na magharibi, umeshapunguza tatizo bila kununua kitu.

Cha pili ni hewa, yaani kama joto lenu ni kavu au lina unyevu, na usiku hupoa kiasi gani. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, lina ofisi na maduka bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Hewa ya usiku hupitishwa kwenye mapito ya zege, zege hupoa, na mchana hunyonya joto la watu na mashine. Hilo linawezekana kwa sababu Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi. Upeleke mpango huo pwani ambako usiku wa manane bado ni nyuzi 27, zege halitakuwa na mahali pa kulitua joto lake. Nalipenda sana jengo lile, ndiyo maana huniuma likitajwa kama dawa ya kila mji.

Cha tatu ni mchanganyiko wenyewe: nani yuko ndani saa ngapi, na nani analipa bili ya nani. Cha nne ni gharama za kujenga pamoja na matunzo ya miaka ishirini inayofuata. Cha tano nakiita siku mbaya, siku ambayo umeme umekatika au moto umezuka. Hiki husahaulika, na ndicho hugusa uhai wa watu.

Njia ya kwanza: mnara wa kioo uliofungwa

*Jua.* Kioo cheupe cha tabaka moja hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua. Kioo cha tabaka mbili chenye mipako mizuri hushuka hadi karibu robo. Ni tofauti kubwa sana, na anayesema vioo vyote ni sawa anakosea. Lakini robo ya jua la magharibi ikizidishwa kwa ukuta mzima wa ghorofa thelathini bado ni tanuri. Nafuu iliyo karibu ni kupunguza kioo chenyewe: kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno weka ukuta wenye kizuia joto. Aliyeketi mezani hapotezi chochote, maana hakuna anayetazama mandhari kwa magoti.

Umbo nalo lina lake. Ukuta wa kioo uliobonyea kwa ndani hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto. Jengo la 20 Fenchurch Street la London lilionyesha hivyo mwaka 2013, mwanga wake ulipoyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani, tena katika mji ambao hausifiki kwa jua. Kwenye nchi ya joto, kosa hilo lingekuwa la kila siku.

*Hewa.* Hapa pana mtego wa nchi zenye unyevu. Chukua hewa ya nje yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75. Hewa hiyo hutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 27 au chini. Ndani mmepoza hadi 23. Kila mwanya kwenye maungio unaoruhusu hewa ya nje kupenya hadi kwenye sehemu baridi huacha maji ndani ya ukuta, na baada ya miezi kuvu huanza kuota nyuma ya rangi na zulia. Mnara wa kioo kwenye unyevu unahitaji maungio yasiyovuja hata kidogo na kinga ya mvuke upande wa nje. Ukinakili mchoro wa nchi ya baridi, ambako kinga hiyo huwekwa ndani, umejijengea shamba la uyoga. Kwenye joto kavu hofu hii ni ndogo.

*Mchanganyiko.* Hii ndiyo nguvu ya njia hii, na wanaoilaani huwa hawaitaji. Mtambo mmoja wa maji baridi unaweza kuhudumia jengo zima. Ofisi hufika kilele cha mahitaji alasiri, nyumba jioni na usiku, kwa hiyo mtambo wa pamoja huwa mdogo kuliko jumla ya mitambo ambayo kila mmoja angejinunulia. Joto linaloondolewa maofisini linaweza kupasha maji ya kuoga ya hoteli, na maji yanayodondoka kwenye vipozaji yakakusanywa. Burj Khalifa ya Dubai, yenye hoteli, makazi na ofisi ndani ya urefu wa mita 828, hutumia maji hayo kumwagilia bustani zake. Jambo la kusimamia ni mita: kila nyumba ipimiwe ubaridi wake, la sivyo mwenye kuzima ataishia kumlipia mwenye kuacha wazi.

*Gharama na matunzo.* Uso wa kioo hufungwa haraka na mafundi wake wapo. Bili ndiyo nzito, na gundi za maungio huzeeka upesi chini ya jua kali.

*Siku mbaya.* Umeme ukikatika, mnara uliofungwa ni sufuria lenye kifuniko. Jenereta lazima ibebe feni za hewa safi pamoja na lifti na taa. Kuhusu moto, hatari kubwa haipo kwenye kioo bali kwenye paneli zinazokaa kati ya kioo na kioo. Minara kadhaa ya Dubai imeungua kwa nje tangu juu hadi chini, The Torch mara mbili, 2015 na 2017, na paneli za alumini zenye plastiki katikati zilichangia. Dai paneli zenye kiini kisichowaka, na uombe cheti chake kabla ya kulipa.

*Inamfaa* mwenye jengo ambalo sehemu kubwa ni ofisi na hoteli, umeme wa uhakika, hewa ya nje chafu au yenye vumbi, na timu ya mitambo inayolala hapohapo.

Njia ya pili: mnara uliovikwa kivuli

*Jua.* Kanuni yake ni kulizuia jua kabla halijagusa kioo, maana likishaingia pazia la ndani hulificha tu, halilirudishi nje. Jengo la wizara ya elimu na afya mjini Rio de Janeiro, la miaka ya 1930 na 1940, lilifanya hivyo kwa mapezi, yaani vibao vya kukinga jua, yanayogeuzwa upande wa kaskazini, ulio upande wa jua kusini mwa Ikweta. Doha Tower ya Jean Nouvel, iliyokamilika 2012, imevikwa mashrabiya ya alumini, yaani wavu wa nakshi wa kukinga jua, ambayo sehemu yake iliyozibwa hubadilika kwa kila upande: takriban asilimia 25 kaskazini, 40 kusini, 60 mashariki na magharibi. Nitakumbuka tarakimu hizo daima, kwa kuwa ndani yake mna somo zima la jua. Kivuli kinachofanana pande zote nne kimechorwa kwa ajili ya picha.

Kuna pia njia ya ukuta mnene. Benki ya taifa ya biashara mjini Jeddah, iliyosanifiwa na Gordon Bunshaft na kukamilika 1983, ni pembetatu ya ghorofa 27 ambayo kuta zake za nje karibu hazina madirisha. Ofisi hutazama nyua kubwa zilizochongwa ndani ya jengo, na mwanga huingia ukiwa umeshachoka. Ila ukuta mnene una tabia yake. Ukuta wa zege wa sentimita 25 huchelewesha joto kwa saa saba au nane hivi. Jua la saa kumi alasiri huingia chumbani karibu na saa sita za usiku. Kwa ofisi, hiyo ni zawadi, kwani watu wameshaondoka. Kwa chumba cha kulala ni adhabu. Wengi hununua nyumba yenye ukuta mnene wa magharibi wakidhani watapata ubaridi, kisha usiku ukuta unawarudishia jua lote la mchana. Kizuia joto kikiwekwa nje ya zege, au kivuli chepesi kikitangulizwa mbele yake, ukuta huohuo huwa rafiki.

*Hewa.* Kivuli kilichoachiwa nafasi ya kutosha kutoka kioo huruhusu madirisha kufunguka nyuma yake, na mvua ya upepo huvunjika nguvu. Kwenye jangwa huleta vumbi pia.

*Mchanganyiko.* Nyumba hufurahia stara, ofisi hufurahia mwanga usiochoma macho. Maduka huchukia kufunikwa, kwani duka lisiloonekana haliuzi, hivyo kivuli kikome juu ya maduka na chini pawe na baraza pana ambapo mpita njia ana kivuli chake. Kwenye ghorofa za makazi, nafasi nyuma ya kivuli hugeuzwa haraka kuwa pa kuficha mashine za nje za viyoyozi. Simama mbele ya nafasi kama hiyo jioni utaona: mashine ya ghorofa ya sita inatema hewa ya moto, ya saba inaimeza na kuiongezea, na ya ishirini inajaribu kupoza nyumba kwa hewa iliyoshapikwa mara kumi na nne. Mashine hizo zipangwe zikipishana, zitemee mbali na jengo, au mrudi kwenye maji baridi ya pamoja.

*Gharama na matunzo.* Unanunua ngozi mbili, na mtambo wa ubaridi unaopungua ukubwa hurudisha sehemu ya fedha hizo. Usafi ndio kisa kirefu: njiwa hutaga, vumbi hukaa, chumvi ya bahari hula skrubu. Kusipokuwa na njia ya fundi kupita kati ya kivuli na kioo, miaka mitano mbele mtakuwa na kivuli kichafu cha kudumu. Vivuli vinavyojiendesha, kama vya Al Bahr Towers mjini Abu Dhabi, zaidi ya 1,000 kwa kila mnara, vikifunguka na kujikunja kulifuata jua, ni kazi ya kupendeza. Vinahitaji mmiliki atakayekuwa na fundi na vipuri hata mwaka wa kumi na tano. Nyumba zinazouzwa mojamoja mara nyingi hazina mmiliki wa namna hiyo.

*Siku mbaya.* Bila umeme jengo hukawia kupata joto. Kwa moto, hakikisha kivuli hakizuii madirisha ya uokoaji.

*Inamfaa* mwenye kiwanja kinacholazimisha uso mpana kutazama magharibi, nchi ya jua kali na mawingu machache, na mnara wenye ofisi nyingi au ofisi na makazi nusu kwa nusu.

Njia ya tatu: mnara wa matundu na bustani za angani

*Jua.* Jengo hujikinga kwa umbo lake: roshani za kina, ghorofa zilizorudishwa ndani, mimea. Kanchanjunga ya Charles Correa mjini Mumbai, ya 1983, ni mfano ninaouheshimu kuliko mingi. Upepo mzuri wa mji ule unatoka magharibi, na jua baya pia, na mvua za msimu pia. Correa hakuchagua kimoja akatupa kingine. Aliuweka ukanda wa kinga mbele ya vyumba, akachonga pembeni mabustani yenye kimo cha ghorofa mbili, upepo ukapita na jua likabaki mlangoni.

*Hewa.* Kwenye joto lenye unyevu, upepo juu ya ngozi ndio unaopoza, hata kama kipimajoto hakishuki. Njia hii imekusudiwa hapo. Menara Mesiniaga ya Ken Yeang huko Subang Jaya, Malaysia, ya 1992, iliweka lifti, ngazi na vyoo upande wa mashariki, vikapata hewa na mwanga wa asili na papo hapo vikawakinga wafanyakazi na jua la asubuhi. Lifti haina shida na joto, acha ikae penye jua. Lakini njia hii ina kikomo: kadiri unavyopanda upepo huwa mkali, na roshani ya ghorofa ya arobaini inaweza kuwa mahali ambapo mlango haufunguki na kitambaa cha meza hakikai. Huko juu bustani zirudi ndani zaidi, na upimaji wa upepo kwa sanamu ya jengo ufanyike mapema. Kwenye joto kavu la nyuzi 45, upepo huo ni pumzi ya tanuri, na mimea itakunywa maji msiyo nayo.

*Mchanganyiko.* Hapa ndipo ninapoona uzuri wa pekee. Ghorofa iliyoachwa wazi hutenganisha ofisi na makazi bila ukuta, hukata kelele na harufu, na huwapa watu uwanja. CapitaSpring ya Singapore, ya 2021, ina wauza vyakula chini, makazi ya kupanga, na ofisi juu ndani ya mita 280, na bustani ya ghorofa nne iliyo wazi karibu na kimo cha mita 100 kati ya makazi na ofisi. Oasia Hotel Downtown, ya 2016 katika mji huohuo, imevikwa wavu mwekundu wa alumini unaotambaliwa na aina 21 za mimea, na baraza zake za juu hazina kiyoyozi.

*Gharama na matunzo.* Kila bustani ni nafasi usiyoikodisha, na isipohesabiwa vizuri kwenye kanuni za ujenzi za mji wako inakula eneo la sakafu unaloruhusiwa kujenga. Udongo uliolowa ni mzito, kinga ya maji ikivuja anayelia ni wa chini, na mtunza bustani atakuwa kwenye bajeti milele.

*Siku mbaya.* Umeme ukikatika, watu hutoka barazani wakakaa. Kwa moto, ghorofa ya wazi inaweza kuwa kimbilio, mradi mimea isiachwe ikauke hapo.

*Inamfaa* mwenye makazi mengi, mji wenye unyevu na upepo wa kuaminika, na mvua za kutosha.

Uchague vipi, kwa hali yako

Ukiwa pwani yenye unyevu na zaidi ya nusu ya jengo ni nyumba za watu, anza na njia ya tatu kwa makazi, na ofisi zifungwe kwa kioo kichache chenye mipako. Hakuna sheria inayosema mnara mzima uvae nguo moja.

Ukiwa kwenye joto kavu, njia ya pili huanza mbele, na uwanja wa ndani una maana kuliko roshani ya nje. Hapo zege na usiku wenye ubaridi vinaweza kufanya kazi pamoja. Pata kwanza kumbukumbu za joto la usiku la mji wako kwa miezi ya joto, maana wastani wa mchana hauamui jambo hili.

Ukiwa na hoteli na ofisi tu, umeme imara na barabara yenye moshi na kelele, njia ya kwanza haina aibu. Fedha ziende kwenye mtambo wa pamoja, kioo bora na maungio, na magharibi pawekwe ngazi na lifti.

Umeme wenu ukikatika mara kwa mara, kata njia ya kwanza kwa sehemu yoyote ambayo watu hulala, hata kama picha yake imeshapendwa.

Fedha zikiwa chache, usinunue robo ya kila njia. Geuza mnara mabega yake yaelekee mashariki na magharibi, punguza kioo kianzie usawa wa kiuno, weka kivuli kisichotembea upande wa magharibi peke yake, na uache nafasi ya fundi kupita nyuma yake na ndoo ya maji.